Ngoma Iliyopigwa Marufuku Yarudi kwa Mlango wa Kumbukumbu

Iko sinema fupi iliyotolewa mwaka 2017 kuusindikiza muziki uitwao Glue, wa vijana wawili wa Belfast wanaojulikana kwa jina la Bicep. Mtazamaji asiyepewa habari mapema atadhani mpigapicha alikosea siku, kwa maana haonekani mtu hata mmoja akicheza. Yanaonekana mashamba matupu, maghala yasiyo na kazi na njia zisizo na wapitaji. Na juu ya picha hizo yanapita maneno mafupi ya watu wakikumbuka usiku waliokesha mahali hapo miaka mingi iliyopita. Chini ya yote hayo besi inapiga taratibu, kama moyo wa mtu aliyelala.

Muziki huo ni wa jamii ya hausi, yaani dansi la mashine lenye pigo la ngoma lisilokatika, na besi iliyoongezwa uzito hata msikilizaji huisikia kifuani kabla ya masikioni. Kwa takriban miaka ishirini sasa, santuri nyingi za aina hii zitokazo Uingereza zimejaa kilio cha kitu kilichopotea. Ajabu yake ni kwamba wengi wa wanaozitunga walikuwa watoto wadogo, au hawajazaliwa bado, kitu hicho kilipokuwapo. Sisi nasi tunazo zilipendwa zetu, na twamfahamu mzee anayefumba macho asikiapo wimbo wa ujana wake. Hawa wanafumba macho kwa ujana wa watu wengine.

Wako watakaouliza yatuhusu nini mambo ya dansi za Ulaya. Kilichopotea hakikufa kifo chake. Kiliondolewa kwa sheria iliyoandikwa na maofisa, ikajadiliwa Bungeni na kutiwa sahihi, na leo matokeo yake yasikika katika kila santuri ya namna hiyo. Isitoshe, sehemu kubwa ya chimbuko lake ni visiwa viwili, na hesabu ya visiwa hivyo katika jambo hili wakazi wa visiwa vingine wanaweza kuisoma bila ya mkalimani.

Kitu chenyewe kiliitwa reivu, na kwa lugha yetu hatuhitaji kukitafutia jina jipya: ni mkesha wa ngoma. Wahenga walisema ngoma ya watoto haikeshi. Hii ya vijana wa Uingereza ilikesha, na mara nyingine ilikesha siku tano mfululizo.

Sauti yake ilitoka Chicago, Marekani, ambako tangu mwaka 1977 Frankie Knuckles alikuwa akipiga santuri katika klabu iliyoitwa Warehouse, iliyopendwa zaidi na vijana weusi waliokuwa hawana pengine pa kujistarehesha kwa amani. Inasemekana neno hausi lilitokana na jina la klabu hiyo. Vyombo vilikuwa duni. Kampuni ya Roland ya Japani ilikuwa imeunda mwaka 1981 kijisanduku kiitwacho TB-303, kwa madhumuni ya kumsaidia mpiga gita asiye na mwenzake wa kupiga besi. Kilishindwa kabisa kuigiza besi ya kweli, na baada ya miaka michache kikaachwa kutengenezwa. Vijana wa Chicago wakakinunua kwa bei ya chombo kilichotumika, wakavizungusha vitufe vyake kinyume na maelekezo, kikatoa mlio wa kufoka na kujipinda ambao hakuna aliyewahi kuusikia. Mwaka 1987 kikundi cha Phuture kikatoa santuri ya mlio huo, na hausi ya asidi ikawa imezaliwa.

Kiangazi cha mwaka huo huo vijana wachache wa London, miongoni mwao Paul Oakenfold na Danny Rampling, walikwenda mapumzikoni katika kisiwa cha Ibiza, mali ya Hispania katika Bahari ya Mediterania. Huko walikuta nyumba kongwe ya shamba iliyogeuzwa kuwa klabu kwa jina la Amnesia. Haikuwa na paa. Mpiga santuri wake alikuwa Alfredo Fiorito, Mwargentina aliyehamia kisiwani humo na ambaye amefariki dunia Desemba 2024. Alikuwa akichanganya hausi ya Chicago na nyimbo za kila nchi, bila ya kujali desturi, mpaka jua likachomoza juu ya vichwa vya wachezaji. Wale vijana walirudi kwao wakiwa kama watu waliosilimu. Kabla ya mwaka kwisha Rampling alikuwa amefungua klabu yake, Shoom, ndani ya ukumbi wa mazoezi ya viungo kusini mwa London.

Yaliyofuata yalikwenda kasi. Kumbi zilikuwa ndogo na zilifungwa mapema kwa amri ya leseni, basi ngoma ikatoka nje. Kuanzia mwaka 1988 vijana kwa maelfu walikuwa wakiizunguka barabara kuu ya M25, inayoupinda mji wa London, wakisubiri simu iwaambie ni ghala gani au kiwanja gani cha ndege kilichoachwa ndiko ngoma itakapolia usiku huo. Siri ilikuwa sehemu ya raha. Waliocheza humo hushikilia neno moja katika kusimulia kwao, kwamba hapakuwa na mbele wala nyuma: karani, mpakia mizigo, mwanafunzi na mhuni walisimama katika tope moja, na hapakuwa na jukwaa la kumtazama mtu fulani. Tungekuwa tunawadanganya wasomaji lau tungeiacha habari ya vidonge vya ulevi, ambavyo vilikuwa vingi, vikawatajirisha majambazi na kuwaua baadhi ya vijana.

Serikali iliingia taratibu, kisha kwa nguvu. Sheria ya mwaka 1990 iliongeza faini ya kuendesha tamasha pasipo leseni kutoka pauni 2,000 hadi pauni 20,000, pamoja na kifungo cha miezi sita. Wafanyabiashara wa mikesha wakaogopa, lakini wale waliocheza bure hawakuwa na biashara ya kuogopea. Mwezi Mei 1992, magari ya wasafiri na vikundi vya vipaza sauti, kikiwamo kile cha Spiral Tribe, yalikusanyika katika mbuga ya malisho ya Castlemorton, magharibi mwa Uingereza. Watu wapatao 20,000, na wengine husema zaidi ya hapo, walikaa takriban juma zima. Wanakijiji hawakulala. Mifugo yao ilifadhaika, na njia zao ziliziba. Haki yao isemwe wazi, kwa sababu nyimbo za kumbukumbu huwasahau: mtu aliyelimishwa mchana kutwa na kunyimwa usingizi usiku kucha hana kosa akimwita askari. Baadhi ya waandaaji walishitakiwa, kesi ikachukua muda mrefu na fedha nyingi za umma, hatimaye wakaachiwa huru.

Ndipo ikaja sheria ya Novemba 1994 juu ya haki ya jinai na amani ya umma. Maofisa wetu wanaoandika sheria ndogo ndogo watafaidika kukisoma kifungu chake cha 63. Kilimpa askari uwezo wa kuuvunja mkusanyiko wa watu 100 au zaidi, nje, usiku, penye muziki wa vipaza sauti unaoelekea kuwaudhi sana wakazi. Mpaka hapo ni lugha ya kawaida ya amani. Lakini mwandishi wa sheria alihofia kwamba mshitakiwa atasimama mahakamani na kudai kuwa ile si muziki, ni kelele tu za mashine. Kwa hiyo akaongeza kwamba muziki ni pamoja na sauti ambazo sifa yake kuu ni kutolewa kwa mfululizo wa mapigo yanayojirudia. Bunge kongwe likawa limeliandika pigo la ngoma katika kitabu cha makosa. Wanamuziki wa Autechre, mabingwa wa kufanya mzaha kwa sura kavu, walitoa mwaka huo huo santuri yenye muziki mmoja uliopangwa kwa makusudi ili mapigo yake yasijirudie kamwe, wakaifunga kwa lebo ya kumshauri mchezaji awe na wakili na mtaalamu wa muziki karibu.

Kosa la sheria hiyo, kwa maoni yetu, halikuwa kuwatetea wanakijiji, kwani hilo ni wajibu wa serikali yoyote. Kosa lilikuwa kuacha kuuliza ngoma iende wapi. Saa, umbali, maji, njia ya gari la wagonjwa, mtu wa kujibu lawama, yote haya yangeweza kupangwa. Kilichopangwa ni kuiondoa. Ngoma ikaingia ndani ya kumbi zenye leseni na ndani ya matamasha yenye uzio, tikiti na mdhamini. Hata ndani haikuwa salama. Mjini Sheffield, ambako vijana walikuwa wamejitengenezea hausi yao ya besi ya pekee, klabu iliyokuwa kitovu chake, Niche, ilivamiwa na polisi mwaka 2005 na kufungwa.

Sauti haikufungwa. Iliingia katika kumbukumbu, na huko ndiko inakotoka sasa. Mwaka 2007 mtunzi wa London ajiitaye Burial alitoa Untrue, santuri ambayo mpaka leo haijapata mshindani katika fani hii. Mapigo yake yamekatika katika, sauti za waimbaji zimevutwa zikawa kama za watu walio chumba cha pili, na juu ya vyote pana mchakacho kama wa mvua juu ya bati. Mwenyewe amewahi kueleza kwamba mikesha ile aliijua kwa kanda na hadithi za kaka zake wakubwa. Yaani aliusikia muziki wa maelfu ya watu akiwa kijana peke yake chumbani, na santuri yake ni ya upweke huo. Mwaka uliofuata Zomby akatoa mkusanyo ambao jina lake lote ni swali la kumuuliza msikilizaji alikuwa wapi mwaka 1992. Jamie xx, katika santuri yake ya mwaka 2014, alidondoa sauti kutoka sinema ya mchoraji Mark Leckey ya mwaka 1999, ambayo nayo imeungwa kwa vipande vya picha za zamani za vijana wakicheza. Kumbukumbu ya kumbukumbu. Ndugu wawili wa Wales waitwao Overmono walifuata njia hiyo katika Good Lies mwaka 2023.

Msikilizaji makini atazitambua alama zake upesi. Kuna kinanda chenye furaha ya ghafla, sauti ya mwanamke iliyoharakishwa mpaka ikawa ya mtoto, na ngoma zilizovunjwa vunjwa. Tofauti ni kwamba zamani vitu hivyo vilikuwa mbele, vikali, vikimpiga mchezaji usoni. Leo vimesukumwa nyuma, vimefunikwa mwangwi, na nafasi iliyobaki wazi imejazwa besi. Twaweza kusema kwamba besi ndiyo imebaki kuwa mwili, na vingine vyote vimegeuka roho.

Si zote zenye thamani. Nyingi ni biashara ya kawaida ya ukale: msanii huchukua kinanda cha mwaka 1991, huongeza kelele za umati, hubandika picha ya uso unaocheka juu ya jalada, na kazi imekwisha. Ukisikiliza hizo utadhani mwaka 1992 haukuwa na mwizi, wala mlevi, wala mvua. Zilizo bora ni zile zinazokiri kwamba mtunzi wake hakuwapo. Katika sinema ile ya Bicep uwanja ni mtupu, na hakuna aliyejaribu kuujaza.

Na kwa vijana wa Belfast utupu huo una maana kuliko wanavyodhani wengi. Walizaliwa katika mji uliogawanywa kwa kuta kati ya Wakatoliki na Waprotestanti, ambamo kijana aliuawa kwa kupita mtaa usio wake. Waliokuwa vijana katika miaka ya tisini ya mwanzo, kabla ya mapatano ya amani ya mwaka 1998, husimulia kwamba mkesha wa ngoma ulikuwa miongoni mwa mahali pachache walipochanganyika bila ya kuulizana shule walizosoma, ambalo ndilo swali la kumjua mtu dini yake. Ngoma haikuleta amani Ireland ya Kaskazini; hilo ni kazi ya wanasiasa na ya wananchi waliopiga kura. Lakini ilionyesha kwamba mchanganyiko unawezekana, na anayeukumbuka haukumbuki mlio peke yake.

Turudi kwenye visiwa, kwa maana cha kwanza hatujakitaja bado. Besi haikuzaliwa Uingereza. Ilitoka Jamaika, ambako tangu miaka ya hamsini wenye vipaza sauti vikubwa walikuwa wakivipanga uwanjani na kushindana nani ataitikisa ardhi zaidi, na ambako fundi wa redio Osbourne Ruddock, maarufu kwa jina la King Tubby, alianza kuzifuta sauti za waimbaji katika kanda ili kubakiza ngoma, besi na mwangwi. Wajamaika walioingia Uingereza kuanzia meli ya Windrush mwaka 1948 walikataliwa milangoni mwa kumbi za wenyeji, basi wakacheza katika vyumba vya chini vya nyumba zao, kwa vipaza sauti walivyojiundia. Watoto wao na jirani zao wa Bradford, Leeds na Sheffield ndio walioichukua hausi ya Chicago mwaka 1989 na 1990 na kuitia uzito ule. Santuri za leo zinazosifiwa kwa besi nzito zinaitaja London na Manchester. Kingston hutajwa mara chache mno.

Lililo zito zaidi ni la mpiga ngoma Gregory Coleman. Mwaka 1969 kikundi chake cha The Winstons, cha Washington, kilirekodi upande wa pili wa santuri, na katikati yake Coleman alipiga ngoma peke yake kwa muda wa sekunde sita au saba. Sekunde hizo zikadondolewa, zikaharakishwa, zikakatwa na kuungwa upya katika maelfu ya santuri, hata ukaota juu yake muziki mzima wa ngoma za kasi na besi. Na kila mtunzi wa leo anayetaka kuashiria mwaka 1992 kwa pigo moja huzitumia. Coleman alikufa mwaka 2006, fukara asiye na makazi, pasipo kupokea malipo yoyote kwa sekunde zile. Kiongozi wa kikundi, Richard Spencer, alichangiwa na wapenzi wa muziki mwaka 2015 kiasi cha pauni 24,000. Sisi husema mcheza kwao hutunzwa. Huyu alicheza kwa kila mtu.

Kisiwa cha pili kililipwa, na malipo yenyewe yamekuwa mzigo. Karibu na mwaka 1990, kwa sababu ya malalamiko ya kelele, klabu za Ibiza zilizokuwa wazi ziliezekwa, Amnesia ikiwa mojawapo. Ule usiku wa chini ya nyota ulioanzisha yote umekuwa ndani ya ukumbi kwa zaidi ya miaka thelathini. Wageni wamezidi, nyumba zimepangishwa kwa watalii, na wafanyakazi wa msimu, wakiwamo walimu na wauguzi, hawapati chumba. Wako wanaolala ndani ya magari na mahema. Mwezi Mei 2024 wakazi waliandamana. Katika mji wa Sant Antoni serikali ya visiwa hivyo iliweka tangu mwaka 2020 masharti maalumu dhidi ya utalii wa ulevi. Kumbe UNESCO ilikwisha kukiingiza kisiwa hicho katika urithi wa dunia mwaka 1999, kwa mimea yake ya baharini na magofu yake, mwaka mmoja kabla ya Mji Mkongwe wa Zanzibar. Ngoma haikutajwa. Ujerumani ndiyo iliyothubutu: Machi 2024 iliuingiza muziki wa tekno wa Berlin katika orodha ya taifa ya urithi usioshikika, na hoja mojawapo ya walioomba ilikuwa kwamba klabu zisipotambuliwa zitamezwa na kodi za pango.

Kwetu habari hii si ngeni kama inavyoonekana. Katika miji ya Unguja na Tanganyika ya wakoloni, ngoma ya usiku ilitakiwa kibali cha mkuu wa wilaya, na kibali kiliweza kukataliwa. Na muziki wa mashine tunao wetu. Singeli ya Dar es Salaam, inayopigwa kwa kasi ya kumtoa mtu pumzi, ilianza katika sherehe za mitaani kwa kuharakisha vipande vya taarab, na tangu mkusanyo wa Sounds of Sisso wa mwaka 2017 wapiga santuri wa Ulaya wameupokea kwa mikono miwili. Yumkini siku moja kijana wa Sheffield ataulilia usiku wa Manzese asioufika, kwa kipande cha fidla kilichopigwa Unguja na mtu ambaye jina lake halikuandikwa popote. Taasisi zetu za hakimiliki zisiungoje wakati huo ndipo zianze kuuliza fidla ilikuwa ya nani.

Kwa maofisa wanaopima maombi ya tamasha ufukweni au katika viwanja vya miji yetu, liko jambo dogo katika historia ya kifungu kile cha 63. Kiliposhika nguvu mwaka 1994 kilihitaji watu 100 ili askari apate uwezo wa kuingilia. Mwaka 2003 Bunge la Uingereza likapunguza idadi hiyo kuwa watu 20, na ndivyo ilivyo hadi leo. Vikundi vyetu vikubwa vya taarab, pamoja na wapiga fidla na waitikiaji wao, huitimiza idadi hiyo kabla msikilizaji wa kwanza hajaketi.